Wanja wa Galaksi

Jumatatu, 6 Februari 1956
Kazi nimepata, hapa Diani, barazani kwa Memsabu anayechunguza nyota za mbinguni. Alitaka macho ya washona kofia. Furaha ingekamilika asingemchukua na Mwanatumu, wifi yangu. Tumepewa vibao vya kioo vyenye madoa, picha za mbingu ya usiku. Kila doa ni galaksi, mji mzima wa nyota, mbali kupita akili. Picha imegeuza rangi: inayong'aa sana ndiyo nyeusi zaidi. Tunalinganisha doa na kipimo, tunataja daraja. Memsabu anataka kujua katika kila aina, za kung'aa ni ngapi, hafifu ni ngapi. Jumamosi atabakiza mmoja wetu. Nataka niwe mimi. Hapa mwanangu Abdurahman hulala kivulini. Shambani hulia mgongoni mchana kutwa.

Jumanne, 7
Mwanatumu kapewa galaksi za mviringo. Nyeusi, nene, kama pilipili manga. Mimi nimepewa zisizo na umbo, uji uliomwagika. Karibu zote hafifu. Mwanatumu akaniuliza, eti, wifi, hizo umezifagia wapi? Mavyaa alipohadithiwa alicheka mpaka akashika mbavu.

Jumatano, 8
Memsabu kaniuliza mara mbili kama kweli ni hafifu hivyo. Nikasema ndiyo. Akaandika harakaharaka, bila kunitazama. Nimeelewa. Ananionea aibu.

Alhamisi, 9
Nilikuwa nampaka mtoto wanja kwenye kipaji cha uso, kumkinga na mahasidi, akili ikafunguka. Memsabu alipoingia ndani kunywa chai, nikachovya sindano ya kofia kwenye wanja. Tone hapa, tone pale. Galaksi zangu zikapendeza kama mabibi harusi. Mwanatumu alipoziona alirudi kuzikagua zake upya. Raha iliyoje!

Jumamosi, 11
Memsabu alikunja uso, akapitisha kidole kwenye kibao changu. Wanja. Akatazama kidole, akatazama kipaji cha Abdurahman. Akasema maskini, ni mikono ya mtoto hii. Nikasema watoto watundu, Memsabu. Naye hata kutambaa hajajua. Mwanatumu akasema taratibu, mashallah, mtoto wa wifi ana mkono mrefu.
Kumbe zile hafifu ndizo Memsabu alizokuwa akizitafuta. Alitaka kuona kama aina isiyo na umbo inazo nyingi kuliko zile za mviringo. Jumatano alikuwa ameshanichagua mimi. Sasa hajui zipi za kweli, zipi za wanja. Kazi kapewa Mwanatumu.
Njiani nimembusu mwanangu kipaji, nikamwomba radhi.

Jumatatu, 13
Memsabu kaniita leo tu, nipanguse wanja wangu kwa pamba na maji. Huenda, akasema, akanifikiria tena. Pamba itafanya nini? Hafifu ndizo zenye thamani, kasema mwenyewe. Nimekuja na jivu na kumbi la nazi, kama kwa masufuria. Nasugua. Mwanatumu hatapata hafifu kama zangu maisha yake yote.
Moja imeshatoweka kabisa. Kibao chake nimekiweka juu, Memsabu akione kwanza.