Kiti cha Mbele, Kando ya Sir Aymer

Jumatatu, 22 Septemba
Nimeamua. Jumapili hii, Sikukuu ya Mavuno, nakaa kiti cha mbele kanisani, kando ya sanamu ya Sir Aymer, shujaa wetu wa jiwe. Kwa desturi ni kiti cha ukoo wake. Ukoo ulikwisha, basi Hester Oldacre, mkuu wa maua ya kanisa, ameweka mto wake pale miaka ishirini. Sisi akina Gadsby ni wa mlangoni, penye upepo. Baba alikohoa pale maisha yake yote. Inaniuma mpaka leo. Ushahidi wangu kwamba sisi ndio damu ya Sir Aymer: pua. Ya Sir Aymer ilivunjika zamani, lakini ukiitazama sana unaiona. Ni yangu kabisa!

Jumatano, 24 Septemba
Kasisi kanifungulia sanduku la madaftari ya zamani ya kanisa. Harufu ya nta na matufaha. Jua likapita kwenye kioo chekundu cha dirisha, likatua juu ya karatasi, nikaelea. Nikawaona akina Gadsby wote wakipita katikati ya ngano, kimya, wakinipungia mkono. Baba alikuwa wa mwisho. Hakukohoa.
Niliamka shavu likiwa juu ya ukurasa wa mwaka 1741. Mate kidogo yamedondoka. Hester, aliyekuwa akipanga maua, akauliza kama mababu wameniachia upanga au domo tu.

Ijumaa, 26 Septemba
Nimempata! Obadiah Gadsby, 1741: kanisa lilimkabidhi fimbo ndefu. Nani hupewa fimbo kama si mkubwa? Nimeitangazia baa nzima. Mstari unaofuata sijausoma. Umefunikwa na doa la mate.

Jumapili, 28 Septemba
Nilikaa mbele. Dakika nne! Doa lilikuwa limekauka. Hester akainuka na daftari, akausomea umati mstari ule: Obadiah alipewa fimbo afukuze mbwa kanisani na kuwagonga vichwa wanaosinzia kwenye mahubiri. Walicheka wote, hata wapiga kengele. Kasisi akakumbuka fimbo bado ipo, akanikabidhi kwa heshima zote. Kazi ya ukoo, alisema. Kituo changu: mlangoni, kiti cha Baba.
Nikakaa. Maboga, mkate mkubwa wa mavuno, jua lile jekundu. Nikaelea tena.
Kitu kigumu kikanigonga kichwani. Hester, kwa fimbo yangu mwenyewe.
Haidhuru. Kesho naanza upande wa mama. Nimejitazama kwenye kioo: masikio haya ni ya kifalme.