Maji Yatakatwa Jumamosi

Jumatatu, 5 Mei 2025
Miaka minne mimi ndiye admini wa kundi la WhatsApp la jengo letu hapa Berea, Johannesburg, watu mia na kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali. Leo asubuhi nimewatahadharisha kuhusu sumu ya embe na soda. Murielle, msusi Mkongo anayekaa chini yangu, akaandika mbele ya wote: Papa Burhani, hii habari imetoka wapi? Papa! Mimi mtu wa Tanga, kwetu papa ni samaki. Kumbe anasoma kozi ukumbi wa kanisa, ya kutambua habari za uongo na kushughulikia mambo ya mtaa. Inalipiwa na Ulaya. Bure, na chai juu. Ulaya inatafuta nini Berea? Sasa watu wanataka kura ya admini Jumapili. Nisipokuwa admini, mimi ni nani hapa?

Jumanne, 6 Mei
Nimekwenda kozini kupeleleza. Miwani ya jua. Mwalimu Arlène, Mkongo aliyetumwa kutoka Ubelgiji, alinijua jina papo hapo. Nilishtuka. (Lilikuwa limebandikwa kifuani.) Anasema kabla ya kusambaza, uliza nani kasema, kisha mpigie mhusika. Ni wazi wanataka namba za wahusika.

Jumatano, 7 Mei
Mtego. Kwa laini yangu ya pili, isiyojulikana, nimetunga: maji yatakatwa Berea Jumamosi, siku tatu. Nimemtumia Murielle. Nimemtumia na Nassir wa Midrand, rafiki anayejuana naye, habari imfikie Murielle kutoka pande mbili. Akisambaza tu, namuumbua. Hakusambaza. Alipiga simu ofisi ya maji, akaandika kundini kwamba hakuna kitu kama hicho. Mioyo arobaini. Mimi miaka minne nimepata madole gumba saba, mawili yangu mwenyewe.

Ijumaa, 9 Mei
Binamu yangu Khatibu, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, huko Diepsloot, ametuma ujumbe: maji yatakatwa Johannesburg nzima kuanzia kesho, wiki nzima. Jasho limenitoka. Wangu ulikuwa Berea tu, siku tatu. Huu ni mwingine. Tena juu umeandikwa umesambazwa mara nyingi, maana yake wengi wamethibitisha. Nimejaza ndoo, sufuria, birika. Nikafungulia bomba la bafu, nikatoka kuwagongea majirani. Majirani ni wengi. Maji yameshuka kwa Murielle, mteja wake akiwa amesukwa nusu kichwa.

Jumapili, 11 Mei
Murielle kura 61. Mimi 2: yangu, na ya mzee wa ghorofa ya tano aliyebonyeza vibaya. Imeniuma, sifichi. Murielle, kwa upole unaotia shaka, akanishauri nifuatilie ule ujumbe ulikotoka, kama Arlène anavyofundisha. Nimefuatilia. Khatibu aliupata kwa Nassir. Nassir aliupata kwa namba inayoishia 417. Nimeikagua mara tatu. Ni laini yangu ya pili.

Kwa hiyo Ulaya wameingia kwenye laini yangu. Nimefungua kundi jipya, nimewaingiza wote na kuwaonya. Mwishoni nimeandika wasiulize imetoka wapi, wasambaze.