Wingu la Bi Yasinta na Mafunzo Yangu Kumi na Moja

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Baada ya kutafakari kwa kina, na baada ya chai, natangaza rasmi: zimwi la hadithi yangu litatubu. Ukurasa wa tatu. Litapiga magoti pale bwawa la Mtera, lirudishe sauti zote lilizowaibia watoto.

Shule ya binti yangu Salwa inatafuta hadithi ya kuigiza Siku ya Wazazi. Salwa yuko la nne. Ameshawatangazia wenzake kwamba baba yake ni mwandishi. Nina stationari hapa Kizota, nachapa barua za watu. Si ndiyo uandishi huo!

Mke wangu Zuleha kasoma. Kauliza zimwi gani hili linahubiri kumshinda imamu. Nikasusa chakula. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 9 Septemba

Jirani yetu Bi Yasinta, wa wizarani, kaleta hadithi yake ya Siku ya Wazazi nimchapie. Mwandiko mzuri, unakera. Msichana anapanda wingu kavu, analisukuma mpaka Ihumwa likanyeshe. Wingu linagoma. Msichana analitekenya, linacheka, linanyesha. Basi. Funzo hakuna! Nimesoma mara mbili. Machozi yakanitoka. Vumbi la wino wa mashine.

Nikamuuliza funzo liko wapi. Akasema mtoto akishacheka, unataka nini tena, baba Salwa? Akasema hana haja ya kukagua, ananiamini, niipeleke shuleni mwenyewe.

Shauri yake.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemmaliza. Chini ya hadithi yake nimebandika mafunzo kumi na moja. Nawa mikono. Waamkie wakubwa. Usipande wingu bila ruhusa ya mzazi. La saba, kwa kujifurahisha tu: usiharibu kazi ya mwenzako. Mtoto gani atavumilia!

Yangu nimeisafisha. Toba nje, mafunzo nje. Zimwi linaiba sauti, linakwenda kulala. Kisasa kabisa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mwalimu mkuu, Wambura, kawasomea la nne hadithi zote mbili, sisi wazazi na Yasinta tumekaa nyuma. Akimaliza, lile swali lao la siku zote: hadithi hii inatufundisha nini? Yangu: watoto wakatazamana. Kisha Loisi, katoto ka dawati la mbele, akanyoosha kidole: inatufundisha ukiiba sauti ya mwenzako, unakuwa nazo mbili. Makofi. Salwa akainama.

Ya Yasinta: mafunzo yote kumi na moja, darasa zima, kwa kuimba! Mwalimu akafuta macho. Akasema hatimaye kapatikana mtu anayemjua mtoto.

Yasinta akasimama. Akasema hotuba hizo si zake, kaziweka mchapaji. Vichwa vyote vikanigeukia. Akachukua karatasi zake, akatoka. Mwalimu akanishika mkono, akasema si neno, watoto wataigiza mafunzo matupu.

Getini Salwa akaniuliza nani alinituma kuyabandika. Nikasema mashine.

Jumapili, 14 Septemba

Salwa hasemi nami siku ya pili sasa. Tabia hiyo kairithi kwa mama yake.

Lakini nimepata hadithi mpya! Zimwi mchapaji, jema, linasalitiwa na wingu. Halitubu, maana halina kosa. Mafunzo kumi na mbili.

Salwa naye kaandika yake, ukurasa mmoja. Nikamwambia alete, baba atamchapia bure.

Ameipeleka stationari ya ng'ambo ya barabara.