Ufa wa Kris ya Babu

Jumatatu, 5 Mei
Nyota yangu imewaka. Jumapili ukoo unamtawaza datu mpya, yaani mkuu wake, ama mimi ama binamu yangu Saripada, na mwenye neno la mwisho ni Shangazi Paramata. Leo kanikabidhi mimi kris, upanga wa marehemu babu, niusafishe. Saripada kapewa upatu wa shaba! Shangazi kasema nipake mafuta tu, nisijitie ufundi. Nimeitikia. Mke wangu kauliza kioo kimenikosea nini mpaka nakitolea macho hivyo.

Jumanne, 6 Mei
Balaa. Nimesugua kutu kwa ndimu, na hapo chini ya mpini pakatokea ufa, kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiutikisa upanga, panacheza. Watasema nimeuvunja mimi. Saripada atacheka mpaka apaliwe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Alhamisi, 8 Mei
Fundi Omensalam, mchomeleaji wa mageti, kaniuliza mara mbili kama wenyewe wanajua. Nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. Kachomelea, kapiga msasa wa umeme. Ufa kwisha! Yale mawimbi meusi ya chuma nayo yametoweka, upanga unang'aa kama sufuria mpya. Saripada bado anapangusa upatu kwa kitambaa. Maskini, hana ubunifu.

Jumapili, 11 Mei
Aibu. Shangazi kapokea upanga, kapitisha kidole gumba chini ya mpini. Akarudia. Akaniuliza mbele ya ukoo mzima kris ya baba yake nimemwuzia nani. Ile ilifuliwa vipande viwili, akasema, na baba yake alimwonyesha vinapokutana tangu angali mtoto. Hizi za kipande kimoja ni za kuuzia watalii. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na imeniuma kweli. Lakini ningekiri nimeichomelea? Bora kuibiwa kuliko kuitwa mjinga. Nikasema wezi wamenibadilishia. Shangazi akanirudishia hiyo aliyoiita ya watalii. Datu ni Saripada.

Jumatatu, 12 Mei
Nimeamka na akili. Kumbe shida yote ni mstari! Omensalam kauchonga kwa tupa palepale, umenyooka kuliko ule wa kwanza. Tumeupaka upanga rangi ya fedha, ile ya mageti, usishike kutu tena. Kesho nampigia Shangazi magoti, nimwambie nimewafukuza wezi na kuikomboa ile ya kweli. Atalia tena, safari hii kwa furaha. Saripada asiuzoee sana huo udatu.