Kichwa Nilikitoa Mwenyewe

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimelala chali.

Mnajua niko kwenye yale mafunzo ya kupima umeme wa ubongo, kule Temeke. Sie wanafunzi ni watafiti, watu wazima na familia zetu. Mwalimu ni Dokta Murtaza, mzee mpole asiyepandisha sauti. Mashine ni moja tu, imekuja kwa kontena, na kasema atamkabidhi yule atakayeonyesha utulivu kuliko wote. Naitaka ile mashine mie. Naiota.

Leo akahitaji kichwa cha kujifunzia. Wenzangu wakaangalia viatu vyao. Nikanyoosha mkono. (Kiherehere changu mnakijua.)

Nikalazwa kitandani. Wakanipaka jeli, wakanibandika elektrodi, vile vidude vidogo vyenye nyaya, karibu karibu kichwa kizima, nikawa kama kiazi kilichoota mizizi. Dokta akaniambia nifumbe macho ila nisilale, anataka kuwaonyesha wenzangu mawimbi ya mtu aliye macho na aliyetulia. Nikamhakikishia kuwa mchana mie huwa silali.

Jamani, feni linazunguka taratibu. Mvua inagonga bati. Kalamu za mashine zinachora kwenye karatasi, kwaru, kwaru, kama mtu anakukuna mgongo.

Mara karatasi ikawa inamiminika kama mto mweupe, nami natembea juu yake pekupeku. Mistari imeota majani marefu, yanayumba. Kumetulia, kuzuri. Ila nyuma ya majani kuna mtu anakoroma, ananiharibia raha. Nikamjua. Mume wangu. Nikanyoosha mkono, nikamsukuma.

"Baba Zuhura, geuka huko, unakoroma."

Sauti ikanijibu kwa upole: "Mama Zuhura, mimi ni Murtaza. Anayekoroma ni wewe."

Nikafumbua macho. Kiganja changu kiko shavuni kwa Dokta, aliyekuwa ameinama kurudishia elektrodi iliyobanduka. Wenzangu wamezunguka kitanda, wameng'ata midomo. Nikatoa mkono. Nikasema shikamoo. (Sijui kwa nini, tulishaamkiana asubuhi.) Akaitikia marahaba.

Kisha akawageukia darasa na kuwaonyesha kwenye karatasi: hapa yuko macho, hapa anasinzia, hapa keshazama. Akasema tangu aanze kufundisha hajapata mfano safi kama huu, akaubandika ukutani. Mashine kampa mwenzangu Sekela. Mie nimeombwa niendelee kuwa kichwa cha mafunzo. (Cheo hicho.)

Nimerudi Mbagala nywele zimeganda, nikamsimulia mume wangu. Hakucheka. Aliuliza tu kama ile karatasi inaweza kutolewa fotokopi, maana tangu tuoane namwapia kuwa mie sikoromi.

Basi atakayecheka acheke polepole. Jeli bado haijatoka masikioni.