Vifuniko vya Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Sijamwambia mtu. Tangu nimalize shule, kila alfajiri nanyata jikoni na kulegeza vifuniko vyote: chupa ya mafuta, kopo la chumvi, hata la sukari. Bibi akiamka anavifungua kwa vidole viwili na kujisifu kuwa mkono wake bado ni koleo. Mimi najifanya kushangaa.

Sababu ni Shangazi. Amesema mikono ya Bibi ikilegea tu, anamhamishia kwake. Nitabaki na nani? Baba hurudi kutoka kazini usingizi ukiwa tayari machoni.

Zamani tulikamua mablanketi pamoja uani. Yeye ncha ile, mimi ncha hii. Akisokota, nazunguka kama pia, maji yanatulowesha miguu. "Shika, mjukuu wangu, usilionee huruma!" Siku hizi blanketi linaanikwa likichuruzika.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Shangazi kaingia bila hodi. Bibi, kwa madaha, akainua chupa ya mafuta kwa kifuniko. Kifuniko kikabaki mkononi. Chupa ikaenda kusalimia viatu vipya vya Shangazi. Ameapa: Ijumaa, zahanati! Eti kuna kifaa unakibana kwa kiganja, mshale unapanda, na muuguzi anajua mwili mzima una nguvu kiasi gani.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango: mazoezi. Nimeloweka taulo zote za nyumba, safi na chafu, Bibi azikamue. Amekamua moja, akakumbuka ana chungu motoni. Zilizobaki nimekamua mimi. Vidole havikunjiki. Mwandiko huu kama kuku kapita.

Ijumaa, 8 Machi
Muuguzi alimwambia Bibi abane kwa nguvu zote. Mshale ukatikisika, ukalala. Mara ya pili, vilevile. Shangazi akaanza kuulizia sanduku la Bibi liko wapi. Machozi yakanilenga.

Ndipo Bibi akamnong'oneza muuguzi kwamba kitu cha watu hakibanwi hivyo, kikivunjika je?

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Mimi, ambaye darasani niliitwa Bubu, nilipaza sauti: "Shika, Bibi, usikionee huruma!" Foleni nzima ikageuka. Nilitamani sakafu inimeze. Bibi akacheka, akakibana kama blanketi. Mshale ukapanda! Muuguzi akasema kwa umri wake, mkono huo ni wa kujivunia.

Kisha, kwa utani, akanipa mimi. Na vidole vyangu hivi vya taulo! Nikashindwa na Bibi. Shangazi akashika kiuno: kumbe mgonjwa ni huyu, basi aje kwangu ale ashibe. Bibi akasema hapa haondoki mtu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimenyata jikoni. Vifuniko vyote vimeshalegezwa! Bibi kanitangulia. Ananionea huruma mimi!

Nimevikaza vyote, kimoja kimoja. Kisha nimevilegeza upya, kwa mkono wangu mwenyewe. Bibi asijue. Nawe unayesoma, hiki kimoja kikaze: usimwambie mtu.