Kutwaliwa kwa Bata Aliyefumba Jicho

Sogeeni, enyi wenye masikio mazima na shughuli chache, sogeeni na viti vyenu, na aliye na kikohozi akimalize sasa, kwa maana nitakayoyanena hayavumilii kukatizwa. Wengine wamewasimulia habari za miji iliyotekwa na wafalme waliovuliwa mataji. Mimi nitawasimulia habari za kipande cha karatasi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chenye picha ya bata, na za mtu aliyekiendea vitani akiwa amevaa sweta. Nawe, ulimi wangu uliyezoea kubishania bei ya vitunguu, leo nyooka, ubebe mzigo wa heshima.

Shujaa mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, fundi wa kufuli kwa kazi na mkusanyaji wa stempu kwa maradhi. Ndiye Fundi Kibano, mtiisha makomeo, mwokozi wa waliojifungia nje, bwana wa kile kibano cha chuma cha kushikia stempu kisichotoka mfukoni mwake hata akiwa msibani. Hakuna kufuli lililowahi kumshinda, ila lile lililokuwa kinywani mwake mwenyewe, na habari za kufuli hilo zitakuja mahali pake.

Mjue kwamba wakusanyaji wa stempu ni mataifa mengi. Wako wanaokusanya za dunia nzima, nao hudharauliwa. Wako wanaokusanya za nchi moja, nao hupewa salamu. Juu yao wote, kwenye kilele chenye baridi na watu wachache, wamekaa mabingwa wa stempu moja tu, na huko ndiko alikojenga shemeji. Yeye alikusanya Bata wa Kijani: stempu moja, bata mmoja, ametazama kushoto, aliyechapwa miaka na miaka kwa mashine zilizozidi kuchakaa. Alikuwa naye katika kijani cha mchicha mbichi, kijani cha mchicha uliochemshwa, na kijani kingine ambacho dada yangu aliapa kuwa ni bluu, wakanuniana wiki nzima. Alikuwa naye mwenye meno membamba na mwenye meno mapana, maana ile mikato ya pembeni mwa stempu huitwa meno. Aliyemkosa ni mmoja, Bata Aliyefumba Jicho, aliyezaliwa siku bamba la kuchapia lilipopata mkwaruzo usoni mwa ndege, zikachapwa stempu chache kabla mtu hajagundua. Ukurasa wa mwisho wa albamu ulikuwa na kimraba kitupu kilichomngoja bata huyo, na shemeji alikitazama kila jioni akihema.

Basi albamu hizo, pamoja na lenzi, taa, visahani vya maji na karatasi za kunyonyea unyevu, ziliivamia meza ya kulia chakula. Ziliingia kwa amani, zikakaa kwa mabavu. Sisi watu wa nyumba ile, na nasema sisi kwa kuwa nami nala huko wala si siri, tukawa tunakula sahani zikiwa mapajani, mchuzi ukituteremkia magotini, huku bata wakistarehe mezani. Shemeji alikuwa ameapa mbele yetu sote: siku Bata Aliyefumba Jicho atakapoingia kimrabani, albamu zitafungwa, zitapanda kabatini, na meza itarudi kwa wenyewe. Tulikiamini kiapo hicho mwanzoni.

Dada yangu, muuza magodoro mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alivumilia. Lakini ikaja habari kwamba wakwe, yaani wazazi wa kijana aliyemchumbia binti wa dada na shemeji, watakuja kula chakula cha mchana Jumapili. Ndipo Ijumaa jioni aliposimama mlangoni, mwiko mkononi, akatoa tamko lake la vita.

"Baba watoto, wakwe zangu hawali mapajani. Kesho ndiyo soko lenu la stempu. Umpate huyo bata, usimpate, Jumapili asubuhi vitu vyako vinaingia stoo."

Shemeji akawa mweupe kama bahasha. "Stoo ina unyevu, mke wangu."

"Najua ina unyevu. Si bomba nimekuambia ulitengeneze tangu mvua za mwaka juzi?"

Nanyi msiojua, jueni: unyevu kwa stempu ni tauni. Gundi ya mgongoni huamka usiku, stempu zikakumbatiana, na asubuhi ukiwafungua bata wako unakuta wamekuwa kitu kimoja milele. Kazi ya nusu ya maisha ya mtu ingelala stoo siku moja na kuamka uji. Usiku ule shemeji hakula, nami, kwa kumwonea huruma, nikala sehemu yake.

Sasa na yasemwe yaliyokuwa yakitokea sokoni, maana hakuna vita bila habari za upepo. Iko katalogi, kitabu cha bei kinachotoka kila mwaka, ambacho wakusanyaji hukisoma kwa sauti ya chini. Kwa muda mrefu kitabu hicho kilimpa Bata Aliyefumba Jicho bei ya kitanda kizuri cha mbao ngumu. Lakini mwaka ule alikufa mkusanyaji mmoja mkubwa, na warithi wake, watu wasioweza kutofautisha bata na kuku, wakamwaga kila kitu sokoni kwa pupa. Bei ikaporomoka kutoka kitandani hadi kwenye godoro. Wajuzi walinong'ona kwamba mafuriko yale yatakauka upesi na bata atapanda tena kitandani, na kwamba asiyenunua sasa atajilaumu uzeeni. Tatizo ni kwamba mfuko wa shemeji ulikuwa na fedha ya mto tu, pamoja na foronya yake.

Tena wakusanyaji wana mila moja ya kusema ambayo lazima niwaeleze, kwa kuwa ndiyo iliyoamua vita. Kati yao mnunuzi hasifu kamwe. Akisifu, bei inapanda kabla hajafunga mdomo. Kwa hiyo anayeitamani stempu huitukana, na kadiri mapenzi yanavyomzidi ndivyo matusi yanavyozidi. Akikutana na kitu kilichomtoa roho kabisa, neno la juu kuliko yote analoruhusiwa kulitamka ni "si mbaya."

Shemeji aliileta mila hiyo nyumbani bila kuivua viatu. Gauni la harusi la dada yangu lilikuwa si mbaya. Mtoto wa kwanza, alipowekwa mikononi mwake, aligeuzwa mbele na nyuma, akatangazwa si mbaya. Chakula cha kila siku, si mbaya. Na zamani alipokuja kuposa, marehemu baba alimuuliza kama kweli amempenda binti yake, naye akajibu, mbele ya wajomba wote, "Si mbaya." Dada alikuwa nyuma ya pazia, akasikia. Aliolewa naye hivyo hivyo, lakini neno lile lilimkaa rohoni kama mfupa wa samaki kooni, na mara nyingine, akiosha vyombo, nilimsikia akilirudia peke yake.

Jumamosi ikapambazuka. Soko lilikuwa katika ukumbi wa shule, sakafu imepigwa dawa hadi inateleza, meza zimepangwa, na juu ya meza maboksi ya viatu yaliyojaa stempu, na juu ya maboksi vichwa vimeinama. Shemeji alitangulia na kibano chake. Dada alifuata akiwa na mkoba wa fedha kwapani, maana mwenye fedha ya kwenda vitani hakuaminiwa nayo. Mimi nilibeba mwavuli.

Meza baada ya meza shujaa alipekua, akashindwa, akasonga mbele. Kisha, kwenye meza ya pembeni ya Bi Gundi, karani mstaafu wa posta anayevaa miwani juu ya miwani, alisimama ghafla. Akainua kitu kwa kibano. Akamgeuza bata kwenye mwanga. Jicho lilikuwa limefumbwa.

Hapo shemeji akajaza kifua hewa na kuhutubia, na ukumbi mzima ukasikia.

"Bi Gundi, hili nalo ni bata au ni doa? Rangi imepauka. Mhuri umempiga shingoni. Meno yamekaa hovyo. Mimi nikipewa bure nitauliza kwa nini nimeonewa. Unauzaje uchafu huu?"

"Bei ya katalogi," akasema Bi Gundi, bila kuinua macho. Yaani godoro.

Dada alinivuta mkono. "Mbona anaitukana? Si ndiyo hiyo anayoitafuta miaka yote?"

"Ndiyo yenyewe, dada. Hawa ukiwasikia wanatukana, ujue wamependa."

"Na wakisema si mbaya?"

"Hiyo ndiyo ya mwisho. Juu yake hakuna neno."

Dada alimtazama mumewe kwa muda mrefu, akatazama sakafu, akavuta mkoba karibu zaidi na mwili. Sijawahi kuona uso wake ukiwa hivyo, na nimemjua tangu nazaliwa.

Lakini matusi yale yalikuwa makubwa mno, na masikio ya adui yalikuwa karibu. Kutoka meza ya pili alijitokeza Daktari wa Meno, hasimu wa shemeji, mng'oa magego, mkusanyaji wa bata kama yeye na mwenye fedha kuliko yeye, koti lake jeupe likiwa bado mwilini kwa ajili ya kutisha watu. Huyo aliijua mila. Aliposikia mtu akitukana vile, alijua kuna hazina.

"Fundi," akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wasioweza kujibu, "nimekufahamu miaka mingi. Ungekuwa humtaki huyo bata ungempita kimya. Bi Gundi, mimi natoa bei ya katalogi, na naongeza juu yake."

Shemeji alifungua mdomo atukane zaidi, akaona kila tusi jipya ni ngazi ya kupandishia bei. Angenyamaza, bata angechukuliwa. Njia moja tu ilibaki wazi, nayo ni kusifu ili kumchanganya adui, na hapo kufuli la kinywani likamkatalia. Niliona midomo ikijaribu. Ilitoka hewa tupu. Akageuka kumtazama mkewe, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa ajili ya meza, wakwe na kila kitu.

Ndipo dada yangu alipoweka mkoba mezani. Na mkumbuke huyu ni mwanamke aliyewahi kumuuzia godoro mtu aliyeingia dukani kuuliza njia.

"Ngoja niione mimi. Jamani, stempu nzuri hii. Angalia kijani chake kilivyotulia. Angalia huyo bata alivyopumzika, hata jicho amefumba kwa raha. Meno yamepangana utadhani ya mtoto. Hii ukiinunua umenunua kwa maisha, haibonyei, haichakai. Mwenye bahati yake aichukue leo, kesho hutaikuta."

Sifa hadharani ilikuwa haijasikika mle tangu ukumbi ujengwe. Wazee waliacha kupekua. Daktari wa Meno alimtazama dada toka kichwani hadi viatuni, akaona hana lenzi, hana kibano, hana albamu, na taratibu akatabasamu kama mtu aliyegundua shimo lililojificha nyuma ya gego.

"Aha," akasema. "Bi Gundi, nilikuheshimu. Nimekaa katika fani hii tangu nikiwa na nywele nyeusi, na sijasikia mnunuzi akisifu. Anayesifu ni mpiga debe wa muuzaji. Huyu mama umemweka wewe, na Fundi naye mmemtia humo atukane ili mimi nije mbio. Meno ya stempu hii yamebandikwa. Kwenye habari za meno ya bandia, mama, mnamwambia nani?"

Akafunga koti lake jeupe na kuondoka uwanjani akiwa mshindi machoni pake, na waliomsikia wakasogea mbali na meza ya Bi Gundi, kila mmoja akijifanya ana haraka.

Bi Gundi alivua miwani ya juu, kisha ya chini. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa hasira. "Mimi nimepiga mihuri ya posta hadi kustaafu, leo naambiwa napandisha bei kwa debe. Na siku yangu yote imeharibika, hakuna atakayenunua hapa tena. Mama, una shilingi ngapi humo kwenye mkoba?"

"Fedha ya mto," akasema dada.

"Lete. Mchukueni. Heri alale kwenu kuliko kwa yule."

Ikawa hivyo. Foronya ilibaki, ikatununulia soda njiani. Jioni ile bata aliingia kimrabani kwake, albamu zikapanda kabatini, na meza ikafutwa mara mbili, kwa kuwa hatukuamini mara ya kwanza.

Jumapili wakwe walikaa mezani, na sisi tulikaa mezani. Chakula kilipozunguka, mama mkwe aliweka kijiko chini akasema, "Chakula kizuri sana." Halafu, kama ilivyo adabu, wote tukamgeukia mwenye nyumba aseme lake. Binti yake aliinamisha kichwa. Mimi nilishika sahani kwa mazoea.

Shemeji alitafuna, akameza. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Niliona kufuli likigeuka, likikwama, likigeuka tena, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalifungua kwa ndani.

"Kizuri," akasema. Akapumua. "Na aliyekipika ni mzuri. Tangu siku ile kwa baba yake."

Wakwe hawakuelewa wameshuhudia nini. Dada yangu alichota mchuzi, akamwongezea mumewe taratibu, macho yakiwa yamelowa, na akasema, "Na wewe, baba watoto, si mbaya."

Iandikwe basi, isomwe na wajukuu: kwamba siku hiyo bata alitwaliwa kwa bei ya mto, kufuli likafunguka bila ufunguo, na meza ikakombolewa kutoka mikononi mwa walioikalia. Nami shahidi nilikuwepo tangu supu hadi matunda, magoti yangu yakiwa makavu.